Hapo Futa

Kwa miaka kadhaa ya utoto wangu niliamini kwamba "Bohemian Rhapsody" inaisha katikati. Mjomba wangu alikuwa na kaseti ya dakika 60 aliyorekodiwa na kijana mmoja wa Darajani, mmoja wa wale waliokuwa na deki mbili na daftari la kuandikia oda: unampelekea kaseti tupu na orodha ya nyimbo, unarudi jioni kuchukua. Kijana yule hesabu hazikumkaa. Upande wa kwanza ulimalizika wimbo ndiyo kwanza unachachamaa, pale wanapoanza kuitikiana kama kwaya ya wendawazimu. Ghafla kaa! kitufe kinaruka na redio inanyamaza. Upande wa pili ulianza na wimbo mwingine kabisa. Mjomba alishazoea. Kitufe kikiruka, yeye anamalizia kwa mdomo huku anapiga meza.

"Huyu mtoto wa Shangani," alipenda kusema, kana kwamba waliwahi kucheza gololi pamoja. Hawakucheza. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akapelekwa shule ya bweni India angali mdogo, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akaondoka na wazazi wake kwenda Uingereza. Mjomba hata hajazaliwa. Lakini nyumbani kwetu Ng'ambo jina la Freddie Mercury lilitajwa kama la jirani aliyehama usiku bila kuaga.

Nilipofika sekondari rafiki yangu mmoja alinirushia wimbo mzima kwenye simu. Nikausikia mwisho wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzuri, sikatai, ila palepale nilipozoea kusikia kitufe kikiruka nilishtuka kwamba hakikuruka. Mpaka leo nikiusikia kwenye daladala au kwenye filamu, kuna sehemu shingo inakaza kusubiri. Kosa la yule kijana wa Darajani lilikuwa limeshaingia ndani ya wimbo wangu. Nadhani maradhi yangu yalianzia hapo.

Maradhi yenyewe ni haya: ninakusanya rekodi za Queen ambazo hazikukusudiwa kusikika. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, naishi hosteli, na mali yangu ya thamani kuliko zote ni diski ya nje ya terabaiti moja iliyofungwa kwenye soksi ndani ya sanduku la nguo. Zaidi ya nusu yake ni bendi moja. Mwenzangu wa chumbani alipoona folda yenye matoleo tisa ya wimbo uleule aliniuliza kwa huruma ya kweli, "Sasa si ni uleule?" Nikamwambia hapana. Akasikiliza mawili, akavua hedifoni, akasema, "Ni uleule, ila huu mmoja una kelele."

Ana haki. Lakini kelele ndiyo shughuli yenyewe.

Niweke jambo moja sawa, maana nyumbani tunayachanganya. Kaseti ya Mjomba ilikuwa nakala ya wizi: kitu kilichokuwa kinauzwa dukani, kikadurufiwa bila ruhusa. Ninachokusanya mimi kina ukoo mwingine. Ni kanda za magendo, yaani kitu ambacho hakijawahi kuuzwa na mwenyewe hata siku moja. Kwa muziki wa roki, historia yake huanzishwa mwaka 1969, ilipotokea Marekani santuri ya Bob Dylan iliyoitwa "Great White Wonder": jalada jeupe, hakuna jina la kampuni, ndani mna nyimbo ambazo Dylan mwenyewe hakuzitoa. Tangu hapo kila bendi kubwa ina maisha mawili. Yapo ya dukani, na yapo ya chini ya meza.

Maisha ya chini ya meza ya Queen yana vyumba vyake. Kipo cha maonyesho: mtu anaingia ukumbini na kinasa sauti ndani ya koti, anarekodi bendi pamoja na mlevi aliyesimama nyuma yake. Kipo cha redio. Usiku wa Desemba 24, 1975, Queen walipiga Hammersmith Odeon, London, na BBC wakarusha moja kwa moja kwenye televisheni na redio. Waliokuwa majumbani wakabonyeza kitufe cha kurekodi, na kwa miaka 40 onyesho lile likauzwa kwa majina mengi na majalada mengi, mpaka bendi yenyewe ilipolitoa rasmi mwaka 2015. Halafu kipo chumba ninachokipenda zaidi, cha mabaki ya studio: majaribio yaliyoachwa, demo, wimbo ambao bado hauna maneno na mwimbaji anaujaza kwa "na-na-na" tu.

Mtu akitaka kuingia humu hujifunza kwanza kusoma nasaba. Kanda iliyonakiliwa kutoka kanda mama ni kizazi cha kwanza. Ukinakili hiyo, umepata kizazi cha pili. Kila kizazi kinaongeza "shiii" yake na kupunguza ukali wa sauti za juu, na kama mashine ya mtu betri zilikuwa zimechoka siku ile, kasi inabadilika, basi Freddie anageuka mzee au mtoto. Wakusanyaji wanaandika yote haya kwa uangalifu wa mtu anayeandika mirathi: nani alirekodi, kwa mashine gani, nani alimpa nani. Nilipoanza kusoma maelezo yale nilicheka. Baadaye nikagundua kwamba ndiyo yaliyonifundisha kazi yangu ya utafiti kabla msimamizi wangu hajanifundisha. Ushahidi una ukoo. Uliza umepitia mikono ya nani.

Wakati mwingine hata mwenye mali anakosa nakala safi. Mwaka 1971, kabla hawajapata kampuni, Queen waliruhusiwa kutumia studio mpya za De Lane Lea, Wembley, kwa sababu wenye studio walihitaji bendi ya kupiga kelele ili wajaribu mitambo. Wakatoka na demo ya nyimbo tano. Kwa miaka mingi ilizunguka kimagendo, inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa. Ilipotolewa rasmi mwaka 2011, chanzo chake kilikuwa santuri ya majaribio aliyokuwa ameitunza Brian May, nayo vilevile ina mikwaruzo. Nilipoisikia nilifurahi kama mtu aliyekuta tajiri naye anakula ugali wa jana.

Kama ingekuwa ni muziki tu, pengine ningeshaacha. Lakini kuna kitu nilikuwa natafuta, na sikumwambia mtu kwa miaka, kwa sababu kikisemwa kwa sauti ni cha kitoto. Nilikuwa natafuta neno.

Neno moja tu la kwetu. Mtu ameishi Unguja utoto wake wa mwanzo, amerudi kijana, ametembea kwenye vichochoro vile, amesikia wauza kahawa wakigonga vikombe. Haiwezekani, nilijiambia, kwamba hakubaki na hata "haya," hata "bas," hata tusi. Kwenye mahojiano alikuwa hapendi kuzungumzia sana alikotoka, hilo linajulikana. Watu hunitajia lile neno la Kiarabu lililomo katikati ya "Bohemian Rhapsody", ambalo kila mtoto wa Unguja hulisema kabla ya kula. Hilo halikunitosha, kwa sababu limo kwenye wimbo. Limepangwa, limerudiwa, limesafishwa. Mimi nilitaka lililomponyoka. Na mtu humponyoka neno wakati anajua, au anadhani, kwamba kanda haihesabiki: kati ya jaribio la tatu na la nne, amekosea, amechoka, anacheka na wenzake.

Kwa hiyo nilisikiliza. Usiku, saa nane mpaka kumi, wakati bando la usiku ni rahisi na hosteli imelala, nilipakua na kusikiliza. Mwaka 2022, lilipotoka toleo kubwa la albamu ya "The Miracle" likiwa na diski nzima ya majaribio ya studio, pamoja na bendi wakizungumza na kutaniana kati ya nyimbo, niliiskiliza mara nyingi kuliko nilivyosikiliza mhadhara wowote wa mwaka ule. Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akijicheka. Nilianza kuijua pumzi yake kabla hajaimba, namna anavyoivuta kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Neno sikulisikia. Kuna wakati, kwenye kanda moja ya kizazi cha nne au cha tano, nilidhani nimelisikia. Nikalirudia mpaka alfajiri, nikapunguza kasi, nikaongeza sauti. Ilikuwa "shiii" ya kanda, na masikio yangu yenye kiu.

Hapo kwenye folda ya mwaka 1982 kuna faili ambalo nililipenda kuliko mengi, na sasa silifungui bila kujisikia vibaya. Kwenye albamu ya "Hot Space" kuna wimbo unaoitwa "Cool Cat". David Bowie, aliyekuwa ameimba nao "Under Pressure" mwaka uliotangulia, aliingiza sauti yake kwenye wimbo huo pia. Kisha hakuridhika nayo. Aliomba itolewe, albamu ikiwa karibu kutoka, na ikatolewa. Lakini nakala chache za majaribio zilikuwa zimeshachapwa na kutoka nje. Basi. Mtu alisema, kwa ustaarabu na kwa wakati, "Sauti yangu iondoeni," bendi ikamsikia, kampuni ikamsikia, na bado mimi, mtoto wa Ng'ambo ambaye mwaka ule hajafikiriwa, ninayo sauti hiyo ndani ya soksi.

Nilikuwa naliona faili lile kama ushindi. Mpaka mwaka jana, mwezi wa saba, nilipokwenda kwa Bi Mkubwa.

Tasnifu yangu haihusu Queen. Hakuna kamati ambayo ingenipitishia. Inahusu wanawake walioimba kwenye vikundi vya taarab vya mitaani Unguja, hasa maisha ya mazoezini, si ya jukwaani. Nilianza kwa kuandika juu ya Siti binti Saad, kama kila mtu, na safari ya Bombay ya mwaka 1928 alipokwenda kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Zama zile sauti ilichongwa kwenye nta. Jaribio likiharibika, nta inasawazishwa, inatumika tena. Santuri zilizofaulu tunazo. Makosa yake hatuna hata moja. Hilo lilinisumbua. Nikaamua kuwatafuta wazee walio hai wanisimulie yale yasiyoingia kwenye santuri. Nilijiona nimepata namna ya kuyafanya maradhi yangu yawe shahada.

Bi Mkubwa, nitamwita hivyohivyo, ni jirani wa zamani wa bibi yangu. Aliimba miaka mingi kisha akaacha, na kila mtu mtaani ana sababu yake anayoijua yeye. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Akaitika marahaba, akaniuliza habari za mama, za shangazi, za masomo, za Dar na joto lake, na ni lini nitaoa au kuolewa au chochote wanachofanya watoto wa siku hizi. Tukaingia ndani. Nikamsomea fomu ya ridhaa yenye kurasa mbili. Akaniacha nisome mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mie naweka saini kwa sababu ni wewe. Karatasi hiyo sijaielewa." Nikaiona hiyo kama mzaha. Nikaweka simu juu ya mkeka, nikabonyeza.

Dakika ya ishirini hivi umeme ulikatika na feni ikasimama. Huzuni kwa wote waliokuwamo ndani, lakini mimi moyo uliruka: mvumo umeondoka, rekodi imekuwa safi. Palepale, kana kwamba feni ndiyo iliyokuwa imemzuia, Bi Mkubwa akaanza kuimba. Sauti ilikuwa imechakaa. Alishika ubeti wa kwanza, wa pili ukamtoka, akarudi nyuma, akaingia chini mno, akakohoa, akacheka, akaanza upya juu zaidi, na safari hii ikapanda, ikatetemeka pale juu, ikakatika. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua. Miaka sita nasikiliza mabaki ya studio kwenye hedifoni, na sasa yanatokea mbele yangu, kizazi cha sifuri, hakuna kanda mama zaidi ya hii.

Akanyamaza. Halafu akaanza kuzungumza, kwa sauti ya chini, hanitazami mimi, anatazama mlango. Alisema kwa nini aliacha kuimba. Akamtaja mtu. Akamaliza, akavuta kanga yake mabegani, akageuka.

"Hapo futa, mwanangu."

"Sawa, Bi Mkubwa."

"Umefuta?"

Nikachukua simu, nikaigusagusa. "Nimefuta."

Sikufuta. Nilibonyeza kusimamisha, nikahifadhi, nikafungua faili jipya, tukaendelea na mazungumzo ya sare na posho za wanamuziki. Kiganja changu kilikuwa na jasho, na kwa kuwa umeme haukuwapo nilijiambia ni joto.

Usiku ule nilisikiliza dakika zile kama ninavyosikiliza kila kitu, kwa kurudia. Kisha nikafanya jambo jingine, na hili ndilo linalonifanya niandike. Nina rafiki Dar, mkusanyaji mwenzangu. Yeye upande wake ni muziki wa dansi wa zamani. Ni mtu pekee aliyekuwa angeelewa. Nikamtumia faili lote kwa WhatsApp. Nikaandika chini yake: "Usimpe mtu." Haya ni maneno ambayo kila mkusanyaji huyaandika kila anapompa mtu kitu. Kila rekodi niliyonayo, tangu ya kwanza, ilianza safari yake na maneno hayohayo. Akanijibu kwa vikaragosi vinavyolia na neno moja: "Dhahabu."

Nikarudi Dar, nikaanza unukuzi. Nilipofika faili lile nikaliruka. Wiki iliyofuata nikaliruka tena. Msimamizi wangu alikuwa anasubiri sura ya tatu, na mimi nilijua sura ya tatu imo ndani ya dakika zile: alichokisema Bi Mkubwa kingejibu nusu ya maswali yangu. Nilianza kujenga hoja. Kwamba nitaficha jina lake. Kwamba historia ina haki yake. Kwamba ameshasaini. Hoja zote zilikuwa nzuri, na zote nilikuwa nimeshawahi kuzisoma kwenye maelezo ya wakusanyaji, zikitetea faili la "Cool Cat".

Na kulikuwa na hoja iliyokuwa ngumu zaidi kuiangusha, kwa sababu Freddie mwenyewe alinipa. Miezi ya mwisho ya uhai wake, 1991, Montreux, alikuwa anawaambia wenzake wampe chochote aimbe, ili wabaki na vya kufanyia kazi baada yake. "Mother Love" ni sauti yake ya mwisho studioni, mwezi Mei. Ubeti wa mwisho hakuuwahi. Brian May ndiye aliyeuimba. Wimbo ukatoka mwaka 1995, miaka minne baada ya kifo chake. Huyu ni mtu aliyetaka mabaki yake yatumike. Niliposikia habari hiyo zamani niliichukulia kama kibali cha jumla: angalia, hata yeye. Usiku mmoja, nimekaa na unukuzi wangu ulioruka faili moja, nikaona nilivyokuwa nimeisoma kinyume. Alichokitoa alikitoa kwa kukusudia, akijua anampa nani. Unguja hakuitoa. Miaka ishirini mbele ya vinasa sauti bora kuliko vyote duniani, na kwenye kila nilichosikiliza hakuna hata "haya." Sijui kama alisahau au alifunga mlango. Ila kama aliufunga, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa usiku kucha na sikio kwenye tundu la ufunguo, nikijiita mwenyeji wake.

Mwezi wa tisa nikapanda boti. Nilimkuta palepale barazani. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema kabla ya chai haijaja, kwa sababu nilijijua: chai ikija nitaahirisha.

"Bi Mkubwa, siku ile sikufuta."

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria aliyojua tangu mwanzo kwamba inavuja.

"Hebu niskie."

Nikampa hedifoni. Alizishika kama vitu vya moto, nikamvalisha juu ya mtandio. Alisikiliza macho yamefumba. Ilipofika sehemu ya kuimba alianza kutikisa kichwa, na sauti ilipokatika kule juu aliachia kicheko.

"Hii iwache," alisema kwa nguvu, kama wanavyosema watu waliovaa hedifoni.

"Hii ya kuimba?"

"Eee. Iwache."

Nilikuwa nimekuja na uhakika kwamba aibu yake ilikuwa hapo, kwenye sauti iliyochakaa. Miaka yote nilidhani mabaki ni makosa, na mtu huficha makosa. Nikamwambia kwamba nilidhani angeona haya.

"Haya ya nini? Sauti hukongoka. Kila mwenye sauti hukongoka." Akanyanyua kidole. "Hayo ya baadaye ndiyo si yangu peke yangu. Yule niliyemtaja ana watoto, na watoto wanapita hapa kila siku kwenda sokoni, wananisalimu."

Tukakata pamoja. Nilimwonyesha kwenye kioo mstari wa sauti, pale unapopanda na pale unapokuwa mwembamba. Aliweka kidole chake chenye hina mwenyewe, nikasogeza alama mpaka kwenye kidole. Sekunde 41. Aliniuliza kama zikifutika zinakwenda wapi. Nikasema haziendi popote. Akasema, "Basi futa." Nikafuta kwenye simu, kwenye kompyuta niliyokuja nayo, na kwenye hifadhi ya mtandaoni, nikimwonyesha kila hatua. Diski ya nje ilikuwa Dar. Nilimwahidi, na nilipofika nilitimiza kabla sijavua viatu. Chai ikaja, tukanywa.

Kuhusu rafiki yangu sikumwambia. Nilikuwa nimekwenda kukiri na nikakiri nusu.

Nilimpigia rafiki yule kutoka gatini Malindi, nikisubiri boti ya jioni. Nikamweleza. Alikuwa muungwana. Alisema anaelewa kabisa, akaniomba nisubiri, nikasikia kimya cha mtu anayepapasa simu yake, akarudi.

"Nimefuta," alisema.

Nikamshukuru. Boti ilipiga honi. Watu walisimama na mabegi yao, nami nikabaki nimekaa kidogo, simu bado sikioni ingawa alishakata, kwa sababu niliijua ile sauti. Ni ya mtu mwema, aliyeshika simu, aliyegusagusa kioo. Nilikuwa nimeisikia mwezi wa saba, chumbani kwa Bi Mkubwa, umeme umekatika, kutoka kinywani mwangu.

Sura ya tatu nimeiandika. Ina pengo, na nimeeleza kwenye utangulizi wake kwamba pengo lipo na kwamba mwenyewe aliliomba. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hapa paongezewe nyama." Nimemjibu kwamba nyama ipo, ila si yangu.

Diski bado naiweka kwenye soksi. Sijaifuta, ningesema nimeifuta ningekuwa nadanganya mara ya pili, na za Hammersmith na De Lane Lea bado nazisikiliza kwa raha. Faili la Bowie bado limo. Kila nikifungua folda ile kidole kinasimama juu yake, na sijaamua. Najua kufuta kwangu hakutamrudishia chochote, kwa kuwa lipo kwa maelfu ya watu. Bi Mkubwa angesema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini angesema pia, nina hakika, kwamba hilo si ruhusa ya kuendelea kumwaga.

Rekodi yake ya kuimba nimempelekea kwenye flashi, mjukuu wake akaiweka kwenye redio ya sebuleni. Inaanza na feni. Feni inasimama, anaimba, anakosea, anacheka, anaanza upya, inapanda, inakatika. Halafu, pale nilipokata, kimya. Mjukuu aliniambia kwamba bibi yake huipiga jioni, na ikifika pale inapokatika yeye humalizia mwenyewe, kwa mdomo, huku anapepeta mchele.